Saa Yangu Haisogezwi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi. Nimevaa jaketi la kujiokolea nyuma mbele, kamba zimenizonga shingo, abiria mia mbili wananitazama, na nahodha mwenyewe anasema kwenye spika, "Tumsubiri yule mzee." Nilijinasua. Hilo limepita, tusirudi huko.

Na wewe unayepanda leo, sogea ukae, nikueleze harakaharaka.

Mimi mzee wa miaka sabini na minne. Daktari wa masikio alinikataza kupanda ndege. Mwanangu wa kwanza akanikataza kupanda meli. Mimi nikakataa kukaa nyumbani. Ndiyo nikajikuta ndani ya meli ya abiria yenye ghorofa tisa na lifti, siku sita majini, nakwenda kumwona dada yangu, ambaye hatujasemezana miaka kumi na tisa.

Barua yake ilikuwa mistari mitatu. "Nimezeeka na wewe umezeeka. Njoo, nitakuwa gatini. Nitasubiri mpaka meli iondoke, halafu sitasubiri tena maisha yangu yote."

Huyo ndiye dada yangu. Hata akikuita kwa upendo, unaitika umesimama wima.

Sasa leo nitasema jambo ambalo wiki zote nimelizungukazunguka. Kwa nini hatusemezani? Kosa ni langu.

Nilikuwa mpiga kengele wa kiwanda cha nguo. Miaka thelathini na moja. Kengele ya kuingia, ya chakula, ya kutoka. Watu elfu moja na zaidi waliinuka na kukaa kwa mkono wangu huu wa kulia. Sikuchelewa hata dakika moja. Majirani walirekebisha saa zao wakinisikia. Kiburi nilichokuwa nacho, hata mke wangu alikuwa akisema angeolewa na kengele tu moja kwa moja, apunguze mtu wa katikati.

Siku tunayomzika mama, mwenzangu wa zamu aliumwa. Nikasema napiga ya saa sita mchana, halafu nakimbia. Nilikimbia kweli. Nilifika wanapiga udongo wa mwisho kwa koleo.

Dada alinitazama, akasema maneno matano tu. "Wewe kaa na kengele yako."

Mwaka uleule akahama na wanawe, akaenda ng'ambo. Mimi nikakaa na kengele yangu. Mpaka kiwanda kilipofungwa, kengele ikauzwa chuma chakavu, nikabaki na saa ya mkononi.

Basi. Nimeshasema. Turudi melini.

Hebu niwape mawili matatu, maana ipo siku na nyie mtapanda. Ukiweza, omba chumba cha katikati ya meli tena ghorofa ya chini. Mimi nilifurahia chumba cha mbele kabisa, nikajiona bwana mkubwa. Kule mbele meli inainuka kama farasi. Siku mbili za kwanza nililala nimekumbatia kitanda.

Tumbo likichafuka usijifungie. Toka nje, tazama pale mbali maji yanapokutana na mbingu, tafuna mkate mkavu. Vaa viatu vya soli bapa. Nyanyua mguu kila mlangoni, kwa sababu vizingiti vya meli viko juu, na kidole changu gumba hakina kucha hadi leo. Na dawa zako usizitie kwenye sanduku linalokwenda stoo ya chini. Utazikuta mkishafika, wewe ushapona au ushakufa.

Hayo nimejifunza kwa kuumia. Lakini lipo moja ambalo watu wote waliniambia kwa mdomo laini kabisa, na nikalikataa. Hilo la saa.

Siku ya pili, mchana, tunakula. Nahodha akasema kwenye spika, "Mabibi na mabwana, sasa ni saa sita. Tafadhali sogezeni saa zenu mbele, iwe saa saba."

Nikaweka kijiko chini.

"Kasemaje huyu?"

Mezani kwangu alikaa nesi mstaafu. Ukipanda meli hizi unapangiwa meza na mtu wa kula naye mpaka mwisho wa safari, upende usipende. Yeye alikuwa anakwenda bandari inayofuata baada ya yangu. Mwanamke mnene, mcheshi, kazoea kuwaamuru wagonjwa. Alishaniita Mzee Kengele tangu siku ya kwanza.

"Anasema sogeza saa, Mzee Kengele. Tunakwenda upande wa jua linakotoka. Huko kunakucha mapema zaidi."

"Na ile saa moja inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Imerukwa."

"Imerukwa! Saa nzima ya binadamu, irukwe kama dimbwi?"

"Dunia mviringo, mzee wangu."

"Iwe mviringo huko kwenu. Mimi nina miaka sabini na minne, Nesi. Saa nilizobakiza nazijua kwa sura. Na huyu bwana ananipora moja mchana kweupe, amevaa sare, tena anasema tafadhali!"

Watu wa meza ya pili wakacheka. Mimi sikucheka. Nimepigia watu elfu moja kengele miaka thelathini na moja, aje mtu wa kofia nyeupe anifundishe saa sita ni saa saba?

Sikusogeza.

Siku ya tatu wakasogeza tena. Sikusogeza. Siku ya tano tena. Sikusogeza. Spika ya chumbani kwangu nikaifunika taulo, nikaifunga na mkanda wa suruali.

Mnaniuliza, sasa mzee ulikuwa unakulaje? Kwa kengele. Meli ina kengele ya chakula, mhudumu anapita nayo koridoni anaigonga. Kengele ya mwenzangu naiheshimu. Ikigonga nakula, hata kama saa yangu inasema bado hakujapambazuka. Tumbo likafuata meli, mkono ukafuata nyumbani. Tukaishi hivyo.

Nesi hakunyamaza. Asubuhi, "Mzee Kengele, saa yako iko nyuma." Mchana, "Mzee Kengele, utakuja kujuta." Siku ya tano nikachoka.

"Nesi, sikiliza. Ukinitajia saa mara nyingine, nahama meza. Tena nahamia kwa yule bwana anayekohoa."

Akanyanyua mikono yake miwili. "Haya. Sisemi tena. Hata meli iwake moto saa ngapi, sisemi."

Mtu mwenye msimamo, yule mama. Mngemwona mngempenda. Na msimamo huo ndio uliokuja kunimaliza.

Jioni ya siku hiyo mhudumu wa vyumba akapitisha karatasi chini ya mlango. Nikaisoma polepole, herufi kwa herufi, maana shule mimi niliifikia mlangoni tu. Inasema: maofisa wa uhamiaji watapanda melini kesho. Abiria wote wanaoshuka waje ukumbi wa juu na pasipoti, saa nne asubuhi hadi saa sita. Asiyepigwa muhuri hashuki.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na bora ingelala.

Nikawaza hivi. Mambo ya kusogeza saa ni michezo ya nahodha, ya watu wa majini. Lakini uhamiaji ni serikali. Ni watu wa nchi kavu. Serikali haichezi na saa. Saa yao ya nne itakuwa saa ya nne ya kweli, kama ya kwangu.

Nilijipongeza kabisa. Nikajipiga begani mbele ya kioo.

Asubuhi ile nilipofungua pazia, gati lile pale dirishani. Majengo marefu, mashine za kunyanyulia makontena, watu wadogowadogo chini. Saa yangu inasema kumi na mbili na dakika chache. Nikasema, nahodha leo kawahi.

Chai sikwenda. Tumbo lilikuwa limejaa dada.

Nikanyoa ndevu mara mbili. Nikavaa suti ya kijivu, ile niliyooshewa na marehemu mke wangu, na tangu hapo sijairuhusu ioshwe na mtu mwingine. Nikapiga viatu rangi. Nikafanya mazoezi ya maneno.

"Dada, nimekuja." Hapana, kavu mno.

"Dada yangu, nisamehe." Hapana, nitalia, na yeye hapendi kilio cha mwanaume.

"Dada, umenenepa." Hapana kabisa.

Katikati ya mazoezi nikasikia kengele ya chakula cha mchana. Nikatazama saa. Tatu na nusu asubuhi. Nikacheka peke yangu. "Wanakula mchana saa tatu na nusu, hawa watu wamekwisha!"

Nikabeba sanduku langu, nikapanda ngazi. Saa nne kasorobo kamili nipo mlango wa ukumbi wa juu. Robo saa kabla. Ndiyo tabia yangu.

Ukumbi mtupu.

Meza tatu, viti vimepangwa, hakuna mtu. Mhudumu mmoja anakunja vitambaa vya meza.

"Mwanangu, nimekuwa wa kwanza?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Babu... umekuwa wa mwisho. Wamemaliza saa sita. Sasa hivi ni saa saba kasorobo."

"Ya nani?"

"Ya nani nini, babu?"

"Hiyo saa saba kasorobo, ni ya nani? Ya nahodha au ya serikali?"

"Ya kila mtu, babu. Ya meli, ya bandari, ya mji mzima."

Nikageuka na sanduku langu, nikashuka mbio. 

Nikamkuta karani mkuu wa meli kwenye dirisha lake. Kijana wa miaka arobaini hivi, tai imebana, mstaarabu mno. Nikamwekea pasipoti mbele.

"Mpigie simu huyo mwenye muhuri arudi. Dakika moja tu."

"Mzee, wamekwenda meli nyingine, gati la pili. Nimeshapiga leo kwa ajili ya mtu mwingine, wamesema hawarudi. Meli inang'oa nanga saa nane."

"Basi mimi nitawafuata huko huko kwa miguu."

"Huwezi kushuka kuwafuata, kwa sababu hujapigwa muhuri."

"Na muhuri sipigwi kwa sababu sijashuka."

"Ndivyo, mzee wangu."

"Hilo jambo alilitunga nani? Nataka nimwone uso."

Akakohoa. "Utakwenda nasi bandari inayofuata, siku tatu. Huko watakupa utaratibu wa kurudishwa nyumbani. Pole sana."

Siku tatu mbele, halafu nyumbani. Na dada yuko hapo chini, hatua mia mbili, anasubiri mpaka meli iondoke, halafu hasubiri tena. Hasemi kitu mara mbili yule. Nikimkosa leo, nimemkosa.

Nikatoka nje kwenye sitaha. Nesi alikuwa ameegemea vyuma vya pembeni, anatazama gati. Kunigeukia tu, mikono mdomoni.

"Mzee Kengele! Mbona uko humu?"

"Ulijua saa ya muhuri?"

"Nilijua."

"Ulijua na hukuniambia!"

"Ulisema nikitaja saa unahama meza!"

"Nesi, ningehama meza! Si ningehama tu?"

"Nilikugongea chumbani saa tano. Nikasema, 'Mzee Kengele, umeshamaliza?' Ukanijibu nini?"

Nikakumbuka. Nilikuwa kwenye "Dada, umenenepa." Nilimjibu kwa sauti, "Usinikimbize, mama, najua ninachofanya."

"Nikadhani umeshapigwa muhuri, unafunga mizigo," akasema. Macho yake yamejaa maji. "Ningekuburuta kwa sikio, mzee wangu. Hilo hilo bovu."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi? Mtu umemfunga mdomo kwa kamba yako mwenyewe.

Ndipo akanyoosha kidole. "Yule bibi wa gauni la bluu. Tangu saa tatu yupo pale. Watu wote wameondoka, yeye kagoma hata kukaa kwenye benchi."

Nikatazama.

Miaka kumi na tisa, na nilimjua kwa kusimama kwake. Mgongo mnyoofu, fimbo mkononi lakini haiegemei, ameishika kama anakusudia kumpiga nayo mtu.

Sasa jamani, nisikilizeni. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa utaratibu. Kengele ikisema kaa, watu wakae. Mama yangu nilimkosa kwa utaratibu. Nikiwa pale juu nikasema, leo hapana. Leo waniondoe kwa koleo.

Nikashika sanduku, nikaenda kwenye ngazi ya kushukia, ile ndefu ya chuma inayotoka ubavuni mwa meli mpaka gatini. Baharia wa mlangoni akanyoosha mkono.

"Kadi yako, babu? Una muhuri?"

"Sina."

"Basi huwezi kushuka."

"Sishuki. Nataka hewa."

Nikapita chini ya mkono wake. Udogo wa mwili nao una faida zake. Nikashuka vipandio kumi na viwili, nikafika katikati, nikaweka sanduku, nikalikalia.

"Babu! Rudi!"

"Sirudi."

"Tunakaribia kuondoka! Hatuwezi kunyanyua ngazi kukiwa na mtu juu yake!"

"Ahsante kwa kunijulisha, mwanangu. Hilo sikulijua."

Nikajiweka sawa juu ya sanduku.

Karani mkuu akaja mbio, tai begani. "Mzee wangu, unachelewesha meli ya watu mia nane."

"Na nyie mmenichukulia saa tatu. Sijawadai hata moja. Leteni mtu wa muhuri."

"Nitaita walinzi."

"Waite. Waambie nina sikio bovu, goti bovu, na suti hii ikichanika nitalia hadharani. Wanibebe polepole."

Juu kule kwenye sitaha watu walishaanza kujaa. Nikamsikia Nesi, sauti ile ya wodini: "Asimguse mtu! Ana presha yule, mimi nesi, nasema ana presha!" Presha sina. Mungu amjalie mema.

Walinzi wawili wakaja juu, wakasimama. Ngazi nyembamba, inacheza. Kila mmoja anamwambia mwenzake aanze yeye.

Chini, mguuni pa ngazi, alikuwepo ofisa wa bandari, kijana mwenye kitabu na kalamu. Naye anapiga kelele, "Mzee, panda juu! Panda au nitaandika!"

"Andika! Uandike na jina la aliyezua saa kurukwa!"

Hapo nikasikia sauti nyingine. Siyo kubwa. Haikuwahi kuwa kubwa.

"Umechelewa tena."

Dada alikuwa amesogea mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu. Kazeeka, jamani. Uso umekuwa wa mama mtupu. Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yakaniruka.

"Nimechelewa, dada."

"Kengele ipi safari hii?"

"Hakuna kengele. Kiburi tu."

 

"Siku ya mama," nikasema, nami sauti inakatika, nikaiacha ikatike, "kiwanda kingesubiri. Nilijua kingesubiri. Nilipiga ile kengele kwa sababu niliogopa kumwona anashushwa. Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu kafa hajui."

Dada hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili.

Akamgeukia ofisa. "Huyu ni mdogo wangu. Mshushe."

"Bibi, hana muhuri. Hawezi kukanyaga gati."

"Nani anao?"

"Wako gati la pili, bibi, na hawaji."

"Basi na mimi nikipanda kwake?"

Ofisa akacheka kidogo, akadhani ni utani wa bibi. "Ukikanyaga ngazi hii, bibi, umetoka nchini. Meli haikushushi hadi bandari inayofuata, siku tatu. Na bila karatasi, kurudi hapa sijui utarudije."

"Siku tatu," akasema dada, kama mtu anayeulizwa kiasi cha kitambaa.

Meli ikapiga honi. Ngazi nzima ikatetemeka chini ya sanduku langu. Baharia wa juu akapaza sauti, "Babu, nahodha anasema dakika tano!"

Dada akampa ofisa fimbo yake. "Nishikie."

"Bibi, sikiliza kwanza..."

"Nimesikiliza miaka kumi na tisa. Shika fimbo."

Akainua pindo la gauni la bluu. Akapita chini ya kamba, miaka yake themanini na miwili, kama anapita chini ya waya wa kuanikia nguo.

Nikasimama, sanduku likaniponyoka, likaenda likibingirika kipandio kwa kipandio hadi miguuni pake.

"Dada, usipande! Nakuambia usipande!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumpa dada yangu amri. Akanitazama kutoka chini, akalisogeza sanduku kwa mguu mmoja, na ule mwingine akauweka juu ya kipandio cha kwanza.